Hoja Tatu Kutoka Kila Kitabu

Sisi wapenzi wa fasihi tuna wimbo wetu mmoja tunaoupenda sana: uhakiki wa Kiswahili umekufa. Magazeti hayana tena kurasa za vitabu, majarida ya vyuo vikuu yanasomwa na wale wale walioyaandika, na humu kwenye blogu tunasomana wenyewe kwa wenyewe. Sawa. Lakini upo uhakiki mmoja ambao unaandikwa Tanzania kila mwaka na watu ambao kwa miaka hii ya karibuni wamepita laki tano, wote ndani ya saa zile zile, wakiwa wamekaa kwenye madawati yaliyopangwa mbalimbali, msimamizi akipita katikati. Nazungumzia jibu la swali la fasihi katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne.

Kiswahili ni somo la lazima, kwa hiyo karibu kila kijana aliyefika kidato cha nne amewahi kuwa mhakiki wa fasihi, angalau kwa dakika arobaini. Kwa wengi wao ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Sasa mimi nimejiuliza: kama huu ndio uhakiki wetu ulioandikwa kwa wingi kuliko mwingine wote, mbona hakuna anayeuhakiki? Tunahakiki riwaya iliyochapwa nakala mia tano. Hebu leo tuhakiki huu.

Nianze na umbo lake, maana ni umbo linalotambulika kama shairi la tarbia. Swali huja na kauli: fasihi ni kioo cha jamii, au mwandishi ni mwalimu wa jamii, au mwanamke bado ni kiumbe duni. Kisha mtahiniwa anaagizwa athibitishe kauli hiyo kwa kutumia vitabu viwili kati ya vilivyoorodheshwa, hoja tatu kutoka kila kitabu. Orodha yenyewe inachapwa pale pale kwenye karatasi, na kwa zaidi ya muongo mmoja majina yake yamekuwa yale yale, hata aliyemaliza zamani anaweza kukutajia akiwa usingizini. Riwaya: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu. Tamthiliya: Orodha, Ngoswe, Kilio Chetu. Ushairi: Wasakatonge, Malenga Wapya, Mashairi ya Chekacheka.

Jibu nalo lina vyumba vitatu. Sebuleni kuna utangulizi, ambamo mtahiniwa anatoa maana ya fasihi au ya riwaya, anataja vitabu viwili na waandishi wake. Chumbani kuna kiini: hoja ya kwanza, imepigiwa mstari, ikifuatiwa na sentensi tatu nne. Uani kuna hitimisho, ambamo tunaambiwa kwamba mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa na kwamba jamii haina budi kubadilika. Lugha yake ina misamiati yake maalumu. Mwandishi siku zote "ametuonyesha". Mhusika siku zote "amechorwa". Jamii siku zote ni "jamii husika". Mwanamke amechorwa kama mlezi, kama chombo cha starehe, kama mzalishaji mali, kama mtu asiye na maamuzi; unachagua kulingana na swali.

Sitaki kulibeza umbo hili. Umbo gumu si kosa, washairi wa mwambao wameishi na vina na mizani kwa karne nyingi na wakasema kila walichotaka kusema. Jibu la mtihani linamfundisha kijana kupanga mawazo, kutoa dai na kulisindikiza na mfano. Tena fikiria msahihishaji aliyekaa kituoni na marundo ya vijitabu vya majibu mbele yake. Lazima awe na kitu cha kuhesabu, na hoja zinahesabika. Mtoto wa Namtumbo na mtoto wa Oysterbay wasahihishwe kwa mizani moja. Hilo ni jambo la haki, na nalikubali.

Shida yangu ni vitu ambavyo umbo hili halivihitaji. Halihitaji neno hata moja lililotoka kinywani mwa mhusika. Halihitaji "mimi": hakuna mahali pa kuandika kwamba hapa nilishangaa, hapa sikuelewa, hapa nadhani mwandishi ametuchanganya. Halihitaji mwanafunzi akatae ile kauli, kwa sababu swali halikusema "je, unakubali?" Limesema thibitisha. Na ukijumlisha yote hayo, unaona kwamba halihitaji kitabu. Ndiyo maana kando ya kila shule, kwenye kioski cha fotokopi, utakuta vijitabu vya "uchambuzi" vimening'inizwa kwa vibanio vya nguo, na siku hizi faili zake zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bure kabisa. Ndani yake riwaya imeshachinjwa, imeshanyofolewa manyoya, imepangwa mafungu: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, wahusika, mtindo, matumizi ya lugha, mandhari. Mwanafunzi anakariri mafungu. Anapata B. Hajawahi kukishika kitabu.

Tuchukue Takadini ya Ben Hanson. Karibu kila mwanafunzi anajua kuijibu: mila potofu, ulemavu, mapenzi ya mama kwa mtoto. Sekai, mama aliyekaa miaka mingi bila kupata mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino katika kijiji ambacho desturi inataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Anambeba, anatoroka usiku. Hoja imetimia, tunaenda kitabu cha pili.

Lakini simama kwenye jina tu. Takadini kwa Kishona ni swali: sisi tumefanya nini? Mama amempa mwanawe swali liwe jina lake, na kila atakayemwita mtoto yule, awe anamsema vizuri au vibaya, atakuwa analiuliza bila kukusudia. Sasa weka kitabu hiki mikononi mwa kijana wa Tanzania, nchi ambayo kuanzia mwaka 2007 hivi habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, zilienea dunia nzima. Kuna madarasa ambamo dawati la mbele, karibu na ubao, amekaa mwanafunzi mwenye ualbino kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Anaisoma riwaya hii pamoja na wenzake, wenzake wanaandika "mila potofu", na kengele inalia.

Liangalie neno "potofu". Ni neno linaloyasukuma mambo mbali: mila potofu ni za wale, wa kijiji kile, wa zamani zile. Riwaya imeandikwa ituulize sisi tumefanya nini. Jibu la mtihani linasema wao walikosea. Mwanafunzi anapata alama zake zote kwa kulikwepa swali ambalo kitabu kimelibeba kwenye jalada.

Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ndiyo inanigusa zaidi. Peter na Zita ni watoto wa mwanamke anayepika na kuuza chakula, na baba yao, Lomolomo, ni mlevi. Wanafukuzwa shule kwa kukosa sare na ada, na njia yao inaishia jalalani, kuokota. Mwanafunzi anaandika: umaskini. Anaandika: ulevi. Anaandika: ajira za watoto. Hoja tatu hizo, kamili.

Sasa kumbuka ni nani aliyekuwa akiisoma riwaya hii. Hadi mwaka 2015, mwanafunzi wa kutwa katika sekondari ya serikali alilipa ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, mbali na michango mingine ambayo kwa jumla ingeweza kuizidi ada yenyewe. Watoto walirudishwa nyumbani asubuhi, mstarini, mbele za wenzao. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa kulikuwa na madarasa ambamo sura ya watoto kufukuzwa kwa ada ilifundishwa huku madawati mawili matatu yakiwa wazi kwa sababu hiyo hiyo. Na mwalimu aliyekuwa akiifundisha ndiye pengine aliyepewa orodha ya wadaiwa aisome asubuhi ile. Alikuwa amesimama pale pale aliposimama mwalimu wa riwayani.

Kuna somo gani la fasihi zuri kuliko hilo? Mwalimu angeweza kuuliza: huyu mwalimu aliyewafukuza akina Peter, mnamwonaje? Ana uchaguzi gani? Angefanya nini? Darasa lingewaka moto. Ada ikaondolewa kuanzia Januari 2016, na hapo napo kulikuwa na swali jipya: je, riwaya imepitwa na wakati, au wapo Zita wengine ambao wanakosa shule kwa sababu nyingine? Hakuna kilichobadilika kwenye jibu. Umaskini, ulevi, ajira za watoto.

Ngoswe ya Edwin Semzaba nayo ina mkosi wake. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, anatoroka naye, na baba mwenye hasira anazichoma karatasi za sensa. Tamthiliya ya kuchekesha, tena yenye sumu ndani: kazi yote ya kuhesabu wananchi inageuka majivu kwa sababu mhesabuji na wahesabiwa hawakuelewana tangu mwanzo. Mzee yule haelewi kwa nini serikali itake kujua ana wake wangapi na watoto wangapi. Unaweza kumcheka, na unaweza pia kusema ana pointi. Jibu la mtihani linajua jambo moja tu: uzembe kazini. Basi, liko kwenye kichwa cha tamthiliya, linakaririka.

Kuna mtu ataniambia, ndugu yangu, mbona unawaonea watoto? Siwaonei. Kijana anaandika kile anachoulizwa, kwa namna aliyofundishwa, ili apate kile anachokihitaji. Na mwalimu wake je? Hapa ndipo lazima tuache vitabu kidogo tuingie ofisi ya walimu.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na ndani ya miaka michache karibu kila kata ikawa na sekondari yake. Lilikuwa jambo kubwa. Maelfu ya watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba walipata dawati. Lakini jengo linajengwa kwa miezi, mwalimu hajengwi hivyo. Serikali ikachukua wahitimu wa kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya wiki chache, ikawapeleka darasani. Mtaani wakabatizwa "voda fasta", kama ile vocha ya simu. Jina lilikuwa la kejeli na halikuwatendea haki, maana wengi walijiendeleza na wakawa walimu wazuri sana. Ila jiulize: mtu wa miaka ishirini, ambaye fasihi aliijua kama mwanafunzi wa mtihani tu, anapewa kipindi cha fasihi afundishe. Atafundisha nini, kama si mafungu yale yale aliyoyakariri? Na wanafunzi wake waliokwenda chuo kusomea ualimu, wakarudi, wamefundisha nini?

Hata yule aliyepita chuo kikuu hana afueni kubwa. Amesoma umuundo, umaksi, ufeministi, amesoma historia ya tenzi. Amefundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kata, nilikuwa na daftari zima la nadharia kichwani. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini, na kabati la ofisi lilikuwa na nakala tatu za riwaya, moja haina jalada. Kwenye mafunzo yangu yote hapakuwa na saa hata moja ya kuniambia watu sitini wanasomaje vitabu vitatu.

Tulisoma kwa sauti, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mmoja anasoma ukurasa, anampasia mwenzake. Ilikuwa Takadini. Polepole, kwa kujikwaa, na wengine nyuma wakisinzia. Siku moja msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kama Sekai asingetoroka, huyu Makwati, mumewe, angemuua kweli mtoto wake mwenyewe?" Darasa likagawanyika. Mmoja akasema angemuua, mwanaume haogopi mtoto, anaogopa wanaume wenzake. Mwingine akasema hapana, angemficha. Msichana wa tatu akasema inawezekana Sekai mwenyewe hakujua jibu, ndiyo maana hakusubiri alione. Hilo neno, msomaji wangu, sijalikuta katika kijitabu chochote cha uchambuzi, wala katika makala yoyote ya kitaaluma niliyosoma kuhusu riwaya hii. Mwalimu mmoja mzoefu, mtu mwema, aliyekuwa amekaa nyuma kunikagua, aliniambia baadaye kwa upole: "Kipindi kizuri, ila umechelewa kwenye mada. Lile swali la yule binti halitoki."

Halitoki. Hilo ndilo neno linaloendesha shule zetu. Na mwalimu yule hakuwa mjinga. Alikuwa anajua anapimwa kwa nini. Wengi wetu tunaikumbuka Februari ya 2013, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata sifuri. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Tangu hapo neno "ufaulu" limekuwa dira ya kila kitu: majaribio ya kila mwezi, mock ya wilaya, mock ya mkoa, makambi ya usiku kabla ya mtihani, vikao vya wakuu wa shule kusomewa nafasi zao. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, na nadhani lilifanya vyema, lakini mkoani na wilayani watu bado wanajua kuhesabu.

Sasa katika hesabu hizo, Kiswahili kinakaaje? Kinakaa vizuri! Hapo ndipo penye hoja yangu, moja tu, si tatu. Watahiniwa wengi huanguka Hisabati kila mwaka, na kila mtu anajua, wizara inajua, wazazi wanajua, kuna mikakati na semina. Kiswahili, mwaka nenda mwaka rudi, ni kati ya masomo yanayofaulisha zaidi. Kwenye kikao cha tathmini mwalimu wa Kiswahili hapigwi swali. Anapongezwa, wanapita kwa anayefuata.

Abdallah Safari aliiita riwaya yake Joka la Mdimu. Nyoka wa kijani kwenye mti wa kijani: hatari yake si ukubwa wa meno, ni kwamba rangi yake na rangi ya majani ni moja. Unaegemea mti ule ule. Anguko la Hisabati ni nyoka mweusi aliyelala katikati ya barabara, kila mtu anapiga kelele. Anguko la fasihi limejificha ndani ya ufaulu wenyewe, ndani ya A na B na C, rangi ile ile ya majani. Tunazalisha kila mwaka mamia ya maelfu ya watu wenye cheti kinachosema wamefaulu kusoma fasihi, na hawajasoma.

Yupo atakayesema: na ikiwa hivyo, shida iko wapi? Mtoto wa shule ya kata anahitaji C ile aende kidato cha tano au chuo cha kati. Usimharibie kwa mapenzi yako ya riwaya. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu wanaoitoa ni walimu walio karibu na wale watoto kuliko mimi. Lakini nina jibu. Kuanzia kidato cha kwanza, mwanafunzi wa sekondari anafundishwa karibu kila kitu kwa Kiingereza. Baiolojia, Jiografia, Fizikia: anasikiliza kwa lugha ambayo wengi hawaimudu, ananakili ubaoni, anakariri. Kukariri huko tunaweza kukuelewa, ndiyo njia aliyobaki nayo. Kipindi cha Kiswahili ndicho kipindi karibu pekee katika wiki ambacho mtoto yule anaweza kufikiri kwa sentensi nzima, kubisha, kutania, kuuliza kama Makwati angeua kweli. Ni mlango mmoja uliobaki wazi katika nyumba yenye milango iliyofungwa. Na huo nao tunaufunga wenyewe, kwa mkono wetu, halafu tunashangaa kwa nini mhitimu hawezi kujenga hoja kwenye usaili wa kazi.

Majirani zetu Wakenya wana namna tofauti kidogo. Kwanza vitabu vyao hubadilika: riwaya ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ikaja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ikaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Pili, Kiswahili chao kina karatasi nzima ya fasihi, na humo kuna swali la dondoo: maneno ya mhusika yanachapwa kwenye mtihani na mtahiniwa anaulizwa muktadha wake, nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa nini. Angalau maneno ya kitabu yanaingia chumba cha mtihani. Nisiwasifie kupita kiasi. Miongozo imejaa Nairobi kama uchambuzi ulivyojaa Kariakoo, na wapo wanaouza madondoo yaliyokwisha kutafunwa. Kwa hiyo kubadilisha orodha peke yake hakutoshi. Mwongozo mpya huchapwa haraka.

Ninachokiomba ni kidogo, na nakiomba wakati huu kwa sababu mambo yanafumuliwa: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imezinduliwa Februari 2025, na mitaala mipya inaingia kwa awamu. Swali moja tu la fasihi lichape nusu ukurasa kutoka kwenye riwaya na limuulize mtahiniwa kinachotokea pale, kwa maneno gani, na yeye anaonaje. Swali jingine limpe kauli na limruhusu kuikataa. Msahihishaji atakuwa na kazi zaidi, najua, lakini msahihishaji huyo ni mwalimu, na akisahihisha hivyo mwaka huu, mwakani atafundisha hivyo. Mtihani ndio mafunzo kazini yanayowafikia walimu wote. Na vyuoni, kabla ya umuundo, mwalimu mtarajiwa afundishwe kusoma kwa sauti mbele ya watu sitini na kustahimili ukimya baada ya swali. Tamthiliya zichezwe. Kilio Chetu ni mchezo wa vijana kuhusu vijana ambao wazazi wao waliona haya kuwaambia ukweli wa mapenzi na UKIMWI. Kuufundisha kwa kuorodhesha dhamira ubaoni ni kurudia kosa la wazazi wale wale.

Inawezekana. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi imekaa miaka mingi kwenye orodha ya kidato cha tano na sita, Yasmin wake akiandikwa kama "nafasi ya mwanamke" kwenye maelfu ya karatasi. Mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu. Nimekutana na vijana waliofaulu kitabu hicho shuleni ambao baada ya kuitazama walikwenda kukitafuta, wakakisoma kwa mara ya kwanza, wakashangaa. Mmoja alinitumia ujumbe: "Kumbe Yasmin ni mtu!" Nimeuhifadhi. Ni uhakiki mfupi, hauna utangulizi wala hitimisho, na kwa mizani ya mtihani haupati hata alama moja.

Sisi wa huku tunauliza kila siku kwa nini riwaya za Kiswahili hazinunuliwi, kwa nini mashindano ya uandishi yana waandishi wengi kuliko wasomaji. Tunailaumu simu, tunalaumu bei ya karatasi. Lakini vitabu tisa vile ndivyo Watanzania wengi walivyokutana navyo katika umri wa miaka kumi na sita, na walikutana navyo vikiwa mafungu. Usimlaumu mtu kwa kutorudi kula kwenye meza ambayo hakuwahi kuandaliwa chakula. Ukiwa na mdogo wako au mpwa wako aliye kidato cha tatu, mnunulie kitabu kimoja kati ya vile, chenyewe, si uchambuzi wake. Mkisome kwa zamu, jioni, kurasa tano tano. Usimuulize dhamira. Muulize kama Makwati angeua.